Rubani mpya asiuziwe kiti: saa 200 bado si kazi

Mtoto akirudi kutoka shule ya urubani, iwe Nairobi, Soroti au Afrika Kusini, mtaa mzima unajua. Kuku wanachinjwa, picha ya shati jeupe lenye mistari mabegani inapita simu kwa simu, na wajomba wanauliza ni lini watapanda ndege bure kwenda Kinshasa. Miezi minane baadaye shati limetundikwa kwenye msumari, kijana anauza yuniti za simu kando ya barabara, na mama yake anabadilisha njia akienda soko ili asiulizwe. Ndugu waliochanga pesa wananong'ona kwamba labda hakufaulu.

Alifaulu, na leseni yake ni ya kweli. Ila siku ile shamba la Masisi au kiwanja cha Butembo kilipouzwa, hakuna aliyeiambia familia kwamba leseni ya rubani wa biashara ni ruhusa ya kuanza kutafuta kazi, na kwamba sehemu ngumu inakuja baada yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga wa kiraia, mtu anaweza kupata leseni ya rubani wa biashara akiwa na miaka 18 na saa 200 za kuruka, au saa 150 ikiwa amefuata mafunzo ya mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya nahodha wa ndege kubwa ya abiria, inataka miaka 21 na saa 1,500. Katikati kuna saa 1,300. Shule haziuzi saa hizo, na familia haiwezi kuzinunua mfukoni, kwa sababu saa moja tu ya kukodi ndege ndogo ya injini moja inapita dola mia. Zinapatikana kwa kufanya kazi. Na kampuni yenye kazi inauliza kwanza: una saa ngapi?

Kila nchi imejitafutia njia ya kuvuka pengo hilo. Marekani, vijana wengi hubaki shuleni kama walimu: aliyemaliza anamfundisha anayeanza, na kila saa ya somo inaingia kwenye kitabu chake. Njia hiyo iliongezeka nguvu baada ya ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa ndege ya abiria anatakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500, pamoja na punguzo kwa waliotoka jeshini au chuo kikuu. Ulaya hawakufuata hivyo. Huko kijana wa saa 200 anaweza kukaa moja kwa moja kiti cha kulia cha Airbus, lakini mara nyingi yeye mwenyewe ndiye amelipa mafunzo ya ndege hiyo, na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola juu ya deni la shule.

Afrika pia kuna milango. Maun, Botswana, inajulikana na marubani wapya wa dunia nzima, kwa sababu ndege ndogo za watalii wa delta ya Okavango huchukua watu wenye saa chache. Uwanja wa Wilson, Nairobi, na viwanja vya Tanzania vina Cessna Caravan nyingi zinazopeleka watalii mbugani na Zanzibar. Ila kijana wa Bukavu akibisha huko anakutana na mambo mawili: kibali cha kazi, na foleni ya wenyeji waliosoma naye darasa moja. Kenya haiwezi kulaumiwa kwa kuwatanguliza Wakenya.

Basi inabaki Congo. Ukubwa wa nchi hii peke yake ungetosha kuwapa kazi marubani wote waliosomeshwa kwa mashamba ya wazazi wao. Shabunda haina barabara ya kuaminika mwaka mzima. Walikale, Punia na Minembwe, mtu akiwa na haraka au mgonjwa, anatazama juu. Ndege zinazofika huko ni ndogo: Caravan, Let 410, Antonov za zamani. Congo Airways, iliyoanza kuruka mwaka 2015, na Air Congo, iliyoanza Desemba 2024 kwa ubia wa serikali na Ethiopian Airlines, zina ndege kubwa lakini chache, kwa hiyo na viti vya marubani ni vichache. Mwenye saa 200 anayengoja Boeing 737 imwite anangoja embe kwenye mti wa parachichi. Njia ya ualimu nayo ni nyembamba, maana shule za urubani ndani ya nchi zinahesabika.

Kazi ya kuanzia, kwa kijana wa mashariki, iko kwenye ndege ndogo. Na hapo ndipo jambo linapokuwa zito, kwa sababu milima ya Kivu si mahali pa kujifunzia peke yako.

Uwanja wa Goma uko mita 1,551 juu ya bahari, ule wa Kavumu karibu 1,720. Hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu, bawa linabeba kidogo, na ndege inahitaji barabara ndefu zaidi ili inyanyuke. Mchana jua likipanda, hali inakuwa mbaya kuliko asubuhi. Goma wanakumbuka pia kwamba lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya uwanja Januari 2002, na kwa miaka mingi ndege ziliishi na barabara iliyofupishwa. Wanakumbuka Birere, Aprili 2008, ndege ya abiria ilipopitiliza mwisho wa uwanja na kuingia mtaani. Wanakumbuka Mapendo, Novemba 2019, ndege ndogo ya kwenda Beni ilipoanguka juu ya nyumba muda mfupi baada ya kuruka, ikaua waliokuwa ndani na waliokuwa nyumbani kwao. Ajali hizo mbili hazitajwi hapa kwa kumlaumu rubani yeyote. Zinatajwa kwa sababu zilionyesha kuwa uzoefu wa rubani ni haki pia ya mtu ambaye hajawahi kununua tikiti.

Dereva yeyote wa Bukavu–Uvira anaelewa hili bila kufundishwa. Hakuna tajiri anayempa kijana Fuso iliyojaa, siku ya mvua, ashuke nayo Ngomo peke yake, eti kwa sababu jana alipata permi. Kijana anakaa pembeni kwanza. Anafunga turubai, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anatazama mzee anavyobadilisha gia kabla ya kona na si ndani ya kona. Miezi inapita. Siku moja, barabara ikiwa kavu na gari tupu, anapewa usukani. Hivyo ndivyo madereva wazuri walivyopatikana, na hawakupatikana kwa njia nyingine.

Kwenye ndege, kukaa pembeni kunaitwa kiti cha kulia, kiti cha rubani msaidizi. Caravan imeidhinishwa kurushwa na mtu mmoja, kwa hiyo mwenye kampuni anayebana matumizi anaweza kukiacha kitupu au kukikalisha abiria. Let 410 na nyingine za injini mbili zinazobeba abiria huruka na wawili. Mashirika mengi ya misaada, kampuni za madini na za bima, nayo hudai marubani wawili hata kwenye Caravan kabla ya kupandisha watu wao. Kiti hicho, basi, kipo na kinaruka kila siku. Swali ni nani anakikalia, na kwa masharti gani.

Kuna biashara inayojulikana katika usafiri wa anga duniani kote: kijana anailipa kampuni ili aruke. Anaitwa mwanafunzi wa njia, anavaa sare, anafanya kazi ya rubani msaidizi kamili, na mwisho wa mwezi yeye ndiye anayetoa pesa. Saa zake zikimalizika, anashuka, mwingine mwenye pesa anapanda. Familia za huku hazina kinga dhidi ya biashara hiyo, na walioibuni wanajua vizuri kwamba mzazi aliyekwisha uza shamba moja atauza na la pili ili la kwanza lisipotee. Watetezi wake husema kijana anapata uzoefu. Anaupata kweli. Ila kiti kikishauzwa, anayekaa humo ni mwenye pesa, na hodari asiye na pesa anabaki chini. Tena rubani msaidizi aliyelipia kiti atamwambiaje nahodha kwamba mzigo umezidi? Nahodha akiruka na magunia mawili ya ziada, mtu wa pili yuko pale ili aseme hapana. Mteja hasemi hapana, anaogopa kupoteza alichonunua.

Kwa hiyo msimamo unaostahili kushikwa na wote wanaohusika ni huu: kiti cha kulia kwenye ndege inayobeba abiria kisiuzwe kabisa. Kitolewe kwa mtihani, kilipwe hata kama ni kidogo, na mkataba uandike saa ambazo kijana ataruka kila mwezi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Congo, AAC, ndiyo inayotoa na kutambua leseni na kukagua kampuni. Kuuliza, wakati wa ukaguzi, nani analipwa na nani analipa ndani ya chumba cha marubani hakuhitaji sheria mpya wala mashine ya pesa nyingi. Orodha ya mishahara inatosha.

Pengo la saa lina uchafu mwingine, nao ni saa za kalamu. Kijana anaona kampuni inataka saa 500, yeye ana 210, na kitabu chake cha saa kinajazwa kwa mkono. Usiku mmoja, taa ya mafuta, kalamu ya bluu, na zile 290 zinapatikana. Wengine hufanya hivyo, na si Congo tu. Pakistan, Juni 2020, waziri wa anga aliliambia bunge kwamba marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo walikuwa na leseni zenye mashaka. Baadaye wengine walisafishwa, lakini shirika lao la ndege lilikuwa limekwisha fungiwa Ulaya. Congo haina nafasi ya kuchezea jina lake: kampuni zote zilizopewa cheti na serikali ya Kinshasa zimewekwa kwenye orodha ya marufuku ya Umoja wa Ulaya tangu 2006. Saa ya kalamu ya kijana mmoja inaandikwa kwenye hesabu ya wote. Na mlimani, wingu likifunga bonde, kitabu hakishiki usukani.

Sasa tuje kwa ndege za misaada, maana hizi ndizo familia zilizohama vita huziona zaidi. Mtu akisoma herufi zilizopakwa nyuma ya ndege atajua imesajiliwa wapi: 9Q ni ya Congo, 5Y ni ya Kenya, ZS ni ya Afrika Kusini. Zinazobeba dawa, wafanyakazi wa mashirika na wagonjwa mara nyingi si 9Q. Sababu za usalama zipo, na marufuku ya Ulaya ni mojawapo. Lakini mikataba hiyo huandikwa upya kila baada ya muda, na wanaoitoa pesa wana nguvu ya kuweka sharti. Wanaweka sharti la marubani wawili. Wanaweza kuweka na sharti la kwamba, baada ya mafunzo na mtihani wa kampuni yenyewe, sehemu ya viti vya pili kwenye safari za Congo wapewe Wakongomani wenye leseni mpya. Hakuna anayeomba nahodha abadilishwe. Anayeombewa nafasi ni yule wa pembeni.

Faida yake haiko kwa kijana peke yake. Mama mjamzito anayetolewa Minembwe, au mzee aliyejeruhiwa ambaye hajawahi kuona ndege kwa ndani, akielezwa kwa Kiswahili jinsi ya kufunga mkanda na kwa nini masikio yanauma, hapanduki wala hafungui mlango kwa hofu. Katika ndege ya viti kumi, hilo ni jambo la usalama.

Pingamizi lipo, na ni la haki. Caravan ikijaa mafuta ya safari ndefu hubeba takriban tani moja, wakati mwingine chini ya hapo. Rubani wa pili wa kilo 80 ni kilo 80 za dawa au unga zinazobaki uwanjani. Tena mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na kila kilo inahesabiwa. Ndiyo maana sharti hili linafaa pale tu ambapo marubani wawili wanatakiwa tayari. Kwa safari ya mzigo mtupu, inayorushwa kihalali na mtu mmoja mwenye uzoefu, unga upande kwanza. Kijana atangoja safari nyingine.

Wakati anangoja, afanye nini? Mengi yanafanyika chini ya bawa. Kampuni zinahitaji mtu wa kupanga safari, kupiga hesabu ya uzito na mahali mzigo unapokaa, kufuatilia hali ya hewa, kupima mizigo bila kudanganywa na wenye mizigo. Rubani mpya akiifanya kazi hiyo mwaka mmoja ataijua kampuni, viwanja vyake na tabia za manahodha wake, na kiti kikiwa wazi jina lake litakuwa la kwanza kukumbukwa. Wengi waliofika mbali walianzia hapo. Hatari yake ni kuzoeleka: mwaka unakuwa mitatu, naye bado anapima magunia kwa ahadi ya mdomo. Ahadi iandikwe, pamoja na tarehe.

Muda ni adui wa kweli hapa. Leseni haikai kabatini kama diploma. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa rubani wa umri huu, hudumu miezi 12. Ruhusa ya kuruka kwa vyombo, bila kuona nje, nayo hutakiwa kupimwa upya. Asiyeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90, kwa kanuni za nchi nyingi, haruhusiwi kubeba abiria mpaka azirudie. Kila kimoja kina bei. Familia iliyotumia kila senti kufikia siku ya leseni inajikuta haina ya kuiweka hai. Kama bado hamjauza, gaweni pesa kabla: sehemu nzuri ya fedha hizo, theluthi si nyingi, ibaki kwa miaka miwili baada ya shule. Ikiwa haitoshi, bora mtoto aanze na shule ya ufundi wa ndege au ya kupanga safari, aingie kazini, ajilipie urubani polepole.

Kuna na wale ambao vita imewakuta katikati. Uwanja wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, na Februari Kavumu nao ukachukuliwa. Ndege ndogo zilizokuwa zikianzia hapo zikakosa kituo, na vijana waliokuwa wakihesabu saa zao taratibu wakasimama. Mwezi huohuo kambi za kando ya Goma zilivunjwa. Wengine wamevuka Burundi na Uganda. Mtu akikimbia usiku anabeba watoto, sufuria na godoro. Kitabu cha saa kinabaki.

Aliyekipoteza asikate tamaa mapema. Shule iliyomfundisha hutunza rekodi za kila saa aliyoruka, na mamlaka iliyompa leseni ina faili lake. Aandike barua kwa vyote viwili, aombe nakala zilizopigwa muhuri, ataje namba ya leseni ikiwa anaikumbuka, au tarehe ya mtihani. Kampuni aliyoirukia ina vitabu vya ndege vinavyoonyesha siku na saa, hata kama imehamia Bunia, Kisangani au Kalemie. Aliye bado na kitabu chake akipige picha leo, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na leseni na cheti cha afya, atume kwa ndugu wawili walio miji tofauti. Na asiongeze hata saa moja wakati wa kukiandika upya. Nakala za shule zitakuja, na zitalinganishwa.

Aliye Nakivale au Bujumbura atumie muda huu kwa Kiingereza. Rubani anayevuka mipaka anatakiwa kufikia daraja la 4 la ICAO, na vijana wengi waliosoma kwa Kifaransa huangukia hapo kuliko kwenye hesabu. Kujifunza huko hakuhitaji uwanja uliofunguliwa. Redio ndogo na mwalimu mvumilivu vinatosha kuanza.

Na mzazi ambaye bado ana shamba lake, kabla ya kumwita mnunuzi, aipigie simu shule anayoitaka aulize jambo moja: wanafunzi waliomaliza miaka miwili iliyopita, wangapi wanaruka leo kwa mshahara, na wapi? Aombe namba za wawili kati yao azungumze nao mwenyewe, kwa Kiswahili au Kifaransa, bila mtu wa shule kusikiliza.